Mgongo wa Mlima Meru, kwa Baiskeli

Ukifika Usa River, ukaipa mgongo barabara kuu ya Moshi na kushika njia inayopanda kaskazini kuelekea Momella, hupigi pedali nyingi kabla hujaanza kusikia sauti ambayo mjini ilishafukiwa na honi: mnyororo wa baiskeli yako mwenyewe. Mabasi ya Dar es Salaam yamebaki nyuma. Mbele kuna migomba, mashamba, wanafunzi wanaotembea kwa makundi pembeni mwa njia, na upande wa kushoto Mlima Meru umekaa kama mzee wa boma anayesubiri kuamkiwa.

Wakazi wengi wa Arusha wanauona mlima huo kila kukicha, na wanauona upande mmoja tu: ule wa kusini, wenye msitu na mawingu, unaochungulia juu ya mapaa ya Kaloleni na Sanawari. Mgongo wake hawaujui. Muulize fundi simu wa Soko Kuu au karani wa Njiro kuhusu Ngarenanyuki. Atakuambia nyanya zake anazijua, kwa kuwa zinamfikia sokoni kwa magunia na matenga, ila yeye mwenyewe hajafika. Jiji hili linaishi kwa utalii. Tunaiuza Serengeti kwa dunia nzima, na mlima tulioota chini yake hatujawahi kuuzunguka.

Unazungukika, na chombo kinachoufaa ni baiskeli. Gari linapita haraka mno na kukufungia vioo kwa ajili ya vumbi; kwa miguu ni mbali. Duara zima kutoka Arusha kupitia Tengeru, Usa River, Momella, Ngarenanyuki, Oldonyo Sambu na Ngaramtoni hadi mjini tena ni zaidi ya kilomita 100, na sehemu kubwa ya upande wa nyuma ni barabara ya vumbi ambayo magari hupita mojamoja. Mwenye miguu iliyozoea hulimaliza kwa siku moja ndefu. Mwenye akili hulala njiani.

Baiskeli si ngeni katika miteremko hii. Zamani Mmeru aliyepata bei nzuri ya kahawa alianza na mabati, akafuatisha na Raleigh ya Uingereza, chuma kizito chenye keria ya kubebea gunia na kengele ya kuwasogeza mbuzi. Zikaja Phoenix za China. Zikaja Swala, zilizotengenezwa Dar es Salaam na NABICO, kampuni ya umma, enzi ambazo taifa lililotangaza Azimio lake hapa hapa Arusha mwaka 1967 lilitaka kujitegemea hata kwa spoki. Kisha pikipiki za bei nafuu zikafurika, kanuni za mwaka 2010 zikairasimisha bodaboda kubeba abiria, na baiskeli ikateremshwa cheo. Leo kijana akionekana juu ya baiskeli kijijini, watu wanamsoma haraka: huyo pikipiki bado haijapatikana.

Kuna jicho la pili, na hilo linatazama wageni. Tangu 2003 msafara wa Tour d'Afrique umekuwa ukitoka Cairo kwenda Cape Town, na Arusha iko karibu na nusu ya safari. Waendeshaji wake huingia kwa Namanga wakiwa wameunguzwa na jua na kuchoshwa na milima. Hupumzika hapa siku kadhaa, wengi wakapanda magari kwenda kuona wanyama, kisha huendelea kusini kuelekea Dodoma na Iringa. Watu wa Sakina wakiwaona wanapita hawawaonei huruma hata kidogo. Hao ni wazungu, wana pesa na wana muda. Kwa hiyo baiskeli imebaki na watu wawili tu, maskini asiye na njia nyingine na mtalii mwenye njia zote. Mwalimu, muuguzi, mwenye duka na mfanyakazi wa benki, watu ambao Jumapili wanalalamika mgongo na shinikizo la damu, hawamo.

Inashangaza, kwa sababu ufundi upo na umejaa. Arusha ndiko alikojulikana Bernard Kiwia, fundi baiskeli ambaye ubunifu wake wa kutumia vipuri vya baiskeli, ikiwemo chaja ya simu inayopata umeme gurudumu linapozunguka, ulisikika hadi kwa wahandisi wa MIT huko Marekani, na ambaye ni mmoja wa waanzilishi wa karakana ya ubunifu ya Twende. Arusha hiyo hiyo ndiko ilikoweka makao Global Cycle Solutions, kampuni iliyoanza mwaka 2009 na kuwaletea wakulima mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli. Baiskeli za mtumba zenye gia, zilizoshushwa kwenye makontena, zinauzwa mjini kwa bei ambayo mtu anayebadilisha simu kila mwaka hawezi kudai kuwa imemshinda. Na chini ya mti, karibu kila kituo cha daladala, kuna fundi mwenye beseni la maji la kutafutia pancha.

Turudi njiani. Anza alfajiri, kabla daladala hazijachangamka, maana njia nne za Sakina hadi Tengeru si mahali pa kustarehe ukiwa juu ya tairi mbili. Asiyetaka kabisa purukushani hiyo aipakie baiskeli kwenye gari hadi Usa River; hakuna anayetoa medali kwa kuvuta moshi. Ukiamua kuendesha, Jumatano na Jumamosi upunguze mwendo Tengeru, kwa sababu ni siku za soko na ndizi huvuka barabara zikiwa kichwani mwa akina mama ambao hawana sababu ya kukusubiri. Upande wa chini wa barabara kuna Ziwa Duluti, lililojaa ndani ya shimo la volkano, na jirani yake ni makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, takriban wakimbizi 5,000 kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Tengeru kuanzia 1942, wakajenga kijiji chenye shule na kanisa. Baadhi yao hawakuondoka tena. Mtu anaweza kuishi Arusha miaka 30 asiyaone makaburi hayo, ilhali kwa baiskeli ni mchepuko mfupi tu.

Baada ya Usa River njia inapanda polepole hadi lango la Ngongongare, Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na barabara wanayotumia watu wa Ngarenanyuki kwenda mjini inakatiza ndani yake. Simama langoni, uwaulize askari wa hifadhi utaratibu na ada, na wakikuambia usubiri kwa sababu nyati wako karibu, subiri. Simba hawapo katika hifadhi hii, jambo linalowatuliza wengi kupita kiasi. Nyati aliyejitenga na kundi ni mnyama wa kuogopwa kuliko simba aliyeshiba. Twiga ndio wenye njia. Hukaa katikati ya barabara, hukutazama kutoka juu, wakaondoka watakapo.

Hapa ndipo baiskeli inapoanza kukulipa. Mwenye gari huona twiga na kupiga picha. Mwenye baiskeli huona pia kwamba ardhi ya Momella ina umbo la ajabu: vilima vidogo vidogo vilivyotawanyika bila mpango, na kati yake maziwa. Miguu inakuambia, maana hupandi mlima mmoja, unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Chanzo chake ni Meru wenyewe. Takriban miaka 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima uliporomoka, na mabilioni ya tani za miamba na tope yakamwagika hadi mbali kuelekea Kilimanjaro. Vilima hivyo ni mabaki ya kilele cha zamani, na maziwa ya Momella yalijaa kwenye mabonde yaliyobaki. Ndiyo sababu pia Meru, wenye mita 4,566, ukitazamwa kutoka upande huu unaonekana kama uliomegwa: ukuta mrefu wa mwamba, na ndani yake koni ya majivu iliyochipuka baadaye. Mlima huu ulilipuka kidogo mara ya mwisho mwaka 1910. Ni jirani aliyelala tu.

Wapenzi wa sinema za zamani watakumbuka pia kwamba Momella ndiko ilikopigwa sehemu ya filamu ya Hatari! ya mwaka 1962, John Wayne akikimbiza vifaru kwa gari. Hatuna haja ya kukaa hapo.

Ngarenanyuki ndiyo inayostahili kukaliwa. Ukitoka msituni nchi inabadilika ghafla. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi huangusha mvua upande wa kusini na mashariki wa mlima, na zinapofika huku nyuma zimeshakauka. Kijani kinabaki kwenye mifereji tu: nyanya, vitunguu na maharage vinavyonyweshwa kwa maji yashukayo mlimani. Na maji hayo yana hila yake. Miamba ya volkano imeyajaza madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vijiji vingi vya mlima huu vinapita hapo mbali. Meno ya rangi ya kahawia unayoyaona kwa watu waliokulia huku hayatokani na uchafu, bali na maji waliyokunywa utotoni. Serikali ina kituo cha utafiti Ngurdoto cha kushughulikia tatizo hilo hilo. Kwa mwendesha baiskeli maana yake ni moja: beba maji yako kutoka Usa River, mengi kuliko unavyodhani utahitaji.

Halafu kuna historia ambayo ingetosha kuifanya njia hii iwe na vibao kila kilomita, na haina. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kama ilivyoandikwa wakati huo, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa na mifugo ikaswagwa. Watu wakaambiwa wahamie King'ori. Wengi walikataa. Badala ya kushika silaha walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet pamoja na wakili wao Earle Seaton hadi New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Kirilo alikuwa Mtanganyika wa kwanza kuzungumza katika chombo hicho. Ardhi haikurudishwa papo hapo, lakini kesi hiyo ilisikika nchi nzima, na Kirilo akazunguka akiwasimulia watu mambo aliyoyaona na kuyasema. TANU ilipoundwa mwaka 1954, tayari watu walikuwa wameona kwamba mkulima wa kijijini anaweza kumshtaki mkoloni mbele ya dunia. Sasa pita na baiskeli katikati ya mashamba hayo ya nyanya, uuangalie ukubwa wake kwa miguu yako. Vitabu vya darasani haviwezi kukuonyesha walichokuwa wanakigombania. Kilomita tano za kupanda taratibu zinaweza.

Pa kulala papo, vyumba vya wageni vya kawaida, na mgahawa wenye chai ya maziwa, maandazi, na ukibahatika loshoro ya maziwa ya mgando. Salamu ndiyo nauli ya njia hii. Mzee aliyekaa mbele ya duka anapewa shikamoo yake, na unasimama kuitoa. Kuipiga shikamoo huku magurudumu yanazunguka ni utovu wa adabu, nami nimekwishawaona vijana wa mjini wakiifanya. Ukikaribia Oldonyo Sambu na kukutana na wafugaji, "sopai" inajibiwa "epa", na mara nyingi hufuatwa na swali ambalo mtu wa kwenye gari haulizwi kamwe: unatoka wapi na baiskeli, na umekosa nini mpaka upitie huku?

Kipande cha Ngarenanyuki hadi Oldonyo Sambu ndicho kigumu na ndicho kizuri kuliko vyote. Kinapanda, hakina kivuli, na miba ya migunga hailali. Beba tyubu mbili za akiba, viraka, solusheni na pampu, kwa sababu fundi wa karibu si wa karibu. Vumbi la majivu ya volkano linaingia hadi kwenye gololi za pedali. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, vumbi hilo hugeuka tope linalojaa kati ya tairi na bamba la matope hadi gurudumu linagoma kabisa, na hapo utaibeba baiskeli wewe badala ya yenyewe kukubeba. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi yake, ingawa Julai asubuhi vidole vinaganda. Mimi hushauri watu waende kwa mpangilio huu nilioueleza, mashariki kwanza kisha kaskazini, kwa kuwa upepo wa mashariki mara nyingi hukaa mgongoni unapopanda kuelekea Oldonyo Sambu. Na ukigeuka nyuma asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro yote iko wazi, kutoka theluji hadi tambarare, bila nyumba hata moja kuikinga.

Kisha unaikuta lami ya barabara kuu ya Namanga, na starehe inakwisha. Kutoka hapo hadi Ngaramtoni ni mteremko mrefu unaotumiwa na malori ya mizigo ya kwenda na kutoka Kenya. Tarehe 24 Februari 2024, eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, lori lililoshindwa breki liliyagonga magari mengine na watu 25 wakafa. Sisemi haya kumtisha mtu. Nasema ili anayefika hapo saa kumi jioni, amechoka na anafurahia mteremko, ajue yuko wapi. Teremka taratibu, kaa pembeni kabisa, na ukifika maeneo ya Olmotonyi ulizia njia za ndani zinazopita kwenye misitu na mashamba. Zipo, wenyeji wanazijua, na zinakufikisha Ngaramtoni bila kukimbizana na lori. Alhamisi na Jumapili ni siku za soko hapo. Mchuzi wa mbuzi ni wa uhakika.

Mpaka hapa msomaji anaweza kuona kwamba uzuri wa safari hii unategemea ubovu wa barabara. Hilo nimelifikiria, na sikubaliani nalo. Mkulima wa Ngarenanyuki anayetazama nyanya zake zikipondeka kwenye vigongo njia nzima hadi sokoni anataka lami, na ana haki ya kuitaka kuliko mimi nilivyo na haki ya kutaka vumbi langu la Jumapili. Mjamzito anayekimbizwa hospitali anaitaka zaidi. Barabara za vijijini zimekuwa chini ya TARURA tangu wakala huo uanzishwe mwaka 2017, na greda likipita Arumeru watu hufurahi, na wana sababu. Lami itakuja. Ninachohoji ni aina yake.

Lami tunayoijenga vijijini mara nyingi ni nyembamba, magari mawili yakipishana kila moja linamega ukingo, na pembeni ni mtaro. Hapo mwenye baiskeli, mtoto wa shule na mama mwenye ndizi kichwani wote wanabanwa kwenye nafasi isiyokuwepo. Barabara ya vumbi ilikuwa mbaya, lakini ilimlazimisha dereva apunguze mwendo. Lami bila mabega inampa mwendo na haimpi mwingine pa kukimbilia. Nimewahi kuambiwa kwamba mabega ni anasa kwa nchi maskini. Lakini nchini humu watu wengi zaidi wanatembea kwa miguu kuliko wanaoendesha gari, na barabara inayojengwa kwa ajili ya wachache ndiyo anasa.

Wenzetu wa Rwanda wametutangulia kwa namna yao. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, katika jiji la vilima visivyoisha. Kenya nayo hujivunia kwamba Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kushinda Tour de France mara nne, alijifunzia baiskeli kwenye njia za vumbi za Kikuyu chini ya David Kinjah. Sisi tuna mlima, tuna njia, tuna hali ya hewa ya kumkosha mtu yeyote, na ujenzi unaendelea kila upande wa jiji kuelekea AFCON ya 2027. Sidai mashindano. Nadai kwamba kila barabara mpya ya Arumeru, iwe ya TANROADS au ya TARURA, ichorwe ikiwa na bega la lami pande zote mbili, na kwamba madiwani wa kata za Ngarenanyuki, Leguruki, Oldonyo Sambu na nyinginezo waliulizie kwenye michoro kabla mkandarasi hajaleta kokoto, kwa maana baada ya hapo jibu huwa ni kwamba bajeti imekwisha. Wachache kati yetu wakianza kuonekana kwenye njia hizo, madiwani watakuwa na la kuwaonyesha wahandisi.

Kwa wewe unayetaka kuanza, usianze na duara lote. Anza na Usa River hadi lango la Ngongongare na kurudi, Jumapili asubuhi, na mtu mwingine mmoja. Kagua breki zote mbili kabla hujatoka, kwa sababu kurudi ni mteremko mtupu.